Cessna ya Mtwara iliyotetemeka asubuhi tu

Ndege yenyewe ni Cessna 172 ya miaka ya 1980, injini yake Lycoming O-320 ya silinda 4 na nguvu farasi 160, propela ya mapanga mawili yasiyogeuka pembe. Inalala uwanja wa ndege wa Mtwara. Kazi yake kubwa ni kupiga picha kutoka angani: mikoko ya mdomo wa Mto Ruvuma, mashamba ya mikorosho ya Tandahimba na Newala. Mara mojamoja inampeleka mwenye ndege Lindi, kiwanja cha Kikwetu, safari ambayo kwa anga ni kama kilomita 70 tu. Malalamiko ya rubani kwenye kitabu cha ndege yalikuwa mafupi kuliko yote niliyowahi kusoma: "Injini inatikisika. Imeacha."

Kurasa chache mbele, yaleyale. Halafu tena, safari hii bila hata kuandika kwamba imeacha, maana ilishazoeleka.

Mafundi waliopita kwenye ndege hii kabla yangu wote walishughulika na kutikisika. Nilichotaka kujua mimi ni huko kuacha: inaacha lini, ikiwa ardhini au angani, injini ikiwa imeshaunguruma kwa muda gani. Chuma kilichopinda hakijinyooshi chenyewe. Raba za kushikilia injini zikishakufa hazifufuki baada ya dakika tano. Mtetemo unaokuja na kuondoka unatoka kwenye kitu kinachobadilika, na katika dakika za kwanza baada ya kuwasha, kinachobadilika kuliko vyote ndani ya injini ni joto.

Lakini nilipoitwa, propela ilikuwa imeshakwenda Dar es Salaam na kurudi.

Kisa cha kupelekwa kwake ni video. Rubani alirekodi kwa simu asubuhi moja akiwa kwenye kiti chake, injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole kabisa, na kila kitu kikicheza, akamtumia mwenye ndege. Kwenye video ile mapanga ya propela yanaonekana yamejikunja kama ndizi, na vipande vingine vinaelea peke yake mbele ya kioo. Mzee, ambaye ni mfanyabiashara wa korosho na fedha yake haitoi bila sababu, aliitazama mara moja akaona sababu. Propela imepinda, kila mwenye macho anaiona.

Haikupinda. Kamera ya simu haichukui picha nzima kwa mpigo mmoja. Inasoma mstari baada ya mstari kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine. Wakati mstari wa kwanza unasomwa panga liko hapa, ukifika mstari wa mwisho panga limeshahama. Picha inaunganisha sehemu hizo na kutengeneza umbo ambalo halikuwepo hata kwa nukta moja. Propela nzima kabisa, ikirekodiwa hivyo, itajikunja vilevile. Nimeshaona abiria akikataa kupanda ndege kwa ajili ya video ya namna hiyo, na sikumlaumu sana.

Huko Dar propela ilipimwa, ikakutwa ndani ya viwango, ikasawazishwa, vijeraha vya changarawe vikapigwa tupa, ikapakwa rangi, ikarudi. Asubuhi ya kwanza baada ya kufungwa injini ikatikisika kama ilivyokuwa. Na juu ya hapo rubani akaanza kulalamikia mtetemo mwingine: mwembamba, wa angani, usioacha. Vyote viwili vikaandikwa kitabuni kwa neno lilelile moja, na hapo ndipo kisa kilipochafuka. Kuna waliosema sasa injini nzima imeharibika, kuna waliosema raba zibadilishwe, na raba zilikuwa karibu kuagizwa.

Nilikaa na rubani kivulini kabla ya kugusa spana.

"Kepteni, huu wa angani na ule wa asubuhi ni kitu kimoja?"

"Fundi, mtetemo ni mtetemo."

"Ule wa asubuhi unausikia wapi mwilini?"

Akafikiri. "Ule unaniyumbisha kichwa. Hata redio unaiona inacheza pale mbele. Huu wa angani ni wa miguuni tu, kwenye pedali. Ukikaa nao nusu saa unapata ganzi."

Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko vipimo vyote vilivyokwishafanywa. Injini hii ni ya mipigo minne, kila silinda inawaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenkshafti, shafti kuu inayozungusha propela. Injini ikiwa inazunguka mara 800 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 13 na kidogo kwa sekunde. Silinda moja isipofanya kazi, pengo lake linarudi kila baada ya mizunguko miwili, yaani mara 6 au 7 kwa sekunde. Mwendo wa taratibu kiasi hicho jicho linaufuata, na kichwa kinayumba nao. Propela isiyo na mizani ni habari nyingine. Uzito uliozidi upande mmoja unavuta mara moja kwa kila mzunguko. Kwenye mizunguko 2400, mwendo wa kawaida wa angani, hiyo ni mara 40 kwa sekunde. Hakuna kichwa kinachoweza kuyumba hivyo, kwa hiyo mwili unaisikia kama ganzi ya miguuni. Vifaa vya kupimia mtetemo vinafanya kazi hiyohiyo: vinaonyesha nguvu ya mtetemo na ni wa mara ngapi kwa sekunde. Kepteni alikuwa ameshavipima vyote viwili bila kujua.

Kwa hiyo tulikuwa na matatizo mawili. Nikaliweka la ganzi kando. La asubuhi ndilo linaloweza kuua mtu.

Video ile iliyomponza Mzee nikaiomba. Mapanga sikuyatazama, nilisikiliza sauti, nikiwa nimepunguza mwendo wa video, na jicho langu likiwa kwenye mshale wa mizunguko unaoonekana pembeni. Mshale uko karibu na 800. Pigo zito, dup, dup, dup, linarudi kati ya mara sita na saba kwa sekunde. Injini inamisi silinda moja. Bado sijajua ipi, wala kwa nini.

Kitabu cha ndege nacho kilikuwa na la kusema, ukikisoma kwa saa badala ya maneno. Kila alama ya kutikisika iliangukia kwenye safari ya kwanza ya siku. Siku ambazo ndege iliruka mara mbili, ya pili haikutajwa hata mara moja. Na yote yalianza kusi lilipoingia, asubuhi za Mtwara zilipoanza kupoa.

Sasa washukiwa. Baadhi yao walinichukua muda mfupi.

Injini ya ndege ina magneto mbili, na kila silinda ina plagi mbili, ya juu na ya chini, kila moja ikipata cheche kutoka magneto yake. Rubani kabla ya kuruka hupiga resi hadi mizunguko 1700, anazima upande mmoja, anaangalia mshale umeshuka kiasi gani, anarudia upande wa pili. Kepteni alikuwa akifanya hivyo kila siku na kila siku majibu yalikuwa mazuri. Tatizo ni kwamba anapofika hatua hiyo injini imeshapata joto na kutikisika kumeshakwisha. Nilimwomba afanye kipimo hicho mapema, injini ikiwa bado inamisi. Akageuza kushoto, akageuza kulia, hakuna kilichobadilika. Kasoro ingekuwa kwenye cheche, upande mmoja ungekuwa mbaya na mwingine mzuri. Ili iwe cheche bado, plagi zote mbili za silinda moja zingepaswa kufa pamoja kila alfajiri na kupona pamoja baada ya dakika chache. Plagi tulizitoa hata hivyo. Kwenye plagi ya chini ya silinda namba 3 kulikuwa na vitone vya kijivu vilivyoganda, vigumu, vya madini ya risasi. Nikaviweka kwenye karatasi, nikaendelea.

Mafuta: avgas, yaani petroli ya ndege hii, huletwa kwa mapipa kutoka Dar, na pipa ni mahali maji yanapopenda kukaa, kwa hiyo kila mtu aliyashuku mafuta. Tulikinga sampuli chini ya tangi zote mbili na chini ya kichujio. Buluu, safi, hakuna tone limekaa chini. Tena maji hayachagui silinda.

Mshukiwa niliyempa muda ni barafu ya kabureta, kwa sababu anafaa mno kwa mahali hapa. Watu hudhani barafu ni habari ya nchi za baridi. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta inanyonya joto, na hewa ikipita kwenye koo jembamba la kabureta inapoa tena. Joto la hewa linaweza kushuka nyuzi 20 au zaidi. Asubuhi ya pwani yenye nyuzi 20 na unyevu wa bahari ni mazingira kamili ya kugandisha barafu ndani ya injini huku wewe umevaa fulana. Injini inakosa pumzi, inatikisika, ukivuta hita ya kabureta inazidi kukohoa kidogo barafu inapoyeyuka, kisha inanyooka. Tulivuta hita. Mizunguko ilishuka kidogo kama inavyotakiwa, na misi ikaendelea vilevile. Zaidi ya hapo, kabureta moja inalisha silinda zote nne. Barafu ingezikaba zote, na pigo lile la mara sita kwa sekunde lisingekuwepo.

Mabomba ya kuingizia hewa tulipaka povu la sabuni na kupuliza hewa kidogo kutoka nyuma. Hakuna mahali lilipovimba. Tapeti za oili, zinazosukuma valvu, nazo huishiwa oili usiku na kufanya kelele asubuhi, lakini presha ya oili ikishapanda hujazwa upesi, hazisubiri injini ipate moto.

Ikabaki kompresheni, na hapa ndipo karatasi zilipokuwa zimewadanganya watu. Kipimo kinafanywa hivi: silinda inapewa hewa ya presha 80 kupitia geji moja, geji ya pili inasoma kiasi gani kimebaki ndani. Kilishafanywa, kikaandikwa, silinda zote nne zilishika zaidi ya 70. Yaani injini haina kasoro. Lakini kipimo hicho kwa utaratibu hufanywa injini ikiwa ya moto, na hiyo ni sahihi, viwango vya kiwanda vimewekwa kwa injini ya moto. Injini ya moto ya ndege hii haikuwa na tatizo lolote. Hata rubani alishasema hivyo.

Tulirudi uwanjani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, ndege ikiwa haijaguswa tangu jana yake. Umande ulikuwa bado juu ya mabawa. Kijana wa uwanjani akauliza kama awashe ili ipate joto tufanye kazi vizuri, nikamwambia akithubutu tutarudi kesho.

Hatukuwasha. Tulihakikisha swichi ya magneto imezimwa, tukatoa plagi za juu na kuchomoa nyaya za zile za chini, kwa sababu magneto haihitaji betri. Waya wake wa kuzimia ukiwa umekatika, propela unayoizungusha kwa mkono inaweza kuiwasha injini na kukuchukua mikono. Mmoja akashika propela kwa nguvu zake zote, kwa maana presha hiyo inaweza kuizungusha ghafla. Nikaipa hewa silinda namba 1, nikasikiliza: mnong'ono kidogo kwenye mdomo wa kujazia oili, yaani hewa inapenya kidogo kwenye ringi za pistoni, jambo la kawaida kwa injini baridi. Namba 2 hivyohivyo. Namba 3, ya nyuma kulia, geji ikaanguka na bomba la ekzosi likapiga mluzi. Kijana alikuwa ameinama karibu na bomba, akaruka nyuma.

Sikuandika namba ya geji, kwa sababu kipimo cha baridi hakina kiwango cha kulinganisha. Nilichotafuta ni mahali hewa inapotokea. Ikitokea kwenye kabureta, ni valvu ya kuingizia. Ikitokea kwenye oili, ni ringi. Ikitokea ekzosi, valvu ya ekzosi haijakaa mahali pake.

Tukarudisha plagi, tukawasha. Misi ileile. Tukaiacha chini ya dakika moja tukazima, nikapitisha kile kipima joto cha kuelekeza, ndugu wa vile tulivyokuwa tukipimwa navyo paji la uso milangoni mwaka 2020, kwenye mabomba manne ya ekzosi karibu na silinda. Matatu yalikuwa ya moto wa kuunguza. La namba 3 nililishika kwa kiganja. Tukawasha tena, safari hii tukaiacha iendelee, na baada ya muda mfupi mlio ukanyooka wenyewe, redio zikatulia, Kepteni akaninyooshea kidole gumba kutoka dirishani. Ndivyo ilivyokuwa ikifanya tangu kusi lianze.

Injini ilipopoa tukafungua kifuniko cha rokaam (mkono unaobonyeza valvu) cha silinda hiyo. Ukibonyeza mguu wa valvu nzima kwa wenzo na kuuachia, springi inaurudisha kwa kishindo. Valvu ya ekzosi ya namba 3 ilirudi kwa uvivu, ikafika karibu na mwisho ikasita.

Kinachotokea ni hivi. Mguu wa valvu unapanda na kushuka ndani ya bomba fupi la shaba nyeusi, ambalo mafundi tunaliita gaidi (guide kwa Kiingereza), na nafasi kati yao ni ndogo sana. Valvu ya ekzosi ndiyo inayopitiwa na gesi ya moto, kwa hiyo oili inayopita pale inaungua na kuacha kaboni, na risasi iliyomo kwenye mafuta nayo inaacha uchafu wake. Taratibu nafasi inajaa. Injini ikiwa ya moto gaidi inatanuka, valvu inapita. Usiku yote yanapoa, gaidi inabana, na asubuhi valvu inafunguka lakini hairudi kufunga sawasawa. Silinda hiyo haina kompresheni, haiwaki. Injini inafanya kazi kwa silinda tatu mpaka joto liifungulie ya nne. Lycoming wenyewe wanalifahamu vizuri: taarifa yao ya kiufundi namba 388 inahusu kupima gaidi hizi, na maelekezo yao namba 1425 yanahusu namna ya kuzuia valvu kukwama na kuisafisha ikishakwama.

Mzee alifika mchana. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Alikuwa na mkutano Lindi na swali lake lilikuwa la mtu mwenye akili: "Kama ikishapata moto inaacha, si inifikishe Kikwetu kwanza, uifungue nikirudi?"

Nilimwambia valvu iliyofika hapo haina mkataba na mtu. Rubani akikaribia Kikwetu atapunguza nguvu, ndege inashuka, hewa inapiga silinda, injini inapoa ghafla. Hapo valvu inaweza kukwama ikiwa wazi, nguvu zikaondoka na injini ikatikisika kuliko walivyowahi kuiona. Au ikakwama ikiwa imefunga, na pushirodi, ufito wa kufungulia valvu unaosukumwa na kemshafti, ikakuta ukuta: inapinda, bomba lake linavimba, oili inamwagika nje. Na njia nzima ya kazi ya ndege hii iko juu ya mikoko na mikorosho, chini chini, mahali ambapo hakuna pa kutua. Mzee akanyamaza kidogo, akaagiza gari.

Kazi yenyewe haihitaji kutoa silinda. Inahitaji kamba. Tulinunua Mtwara mjini kamba ya nailoni ya wavuvi, mpya. Ncha unaichoma kwa kiberiti ili nyuzi zisifumuke ndani, na mkia unauacha nje, mrefu, mtu yeyote auone. Pistoni ikiwa chini unaisokomeza kamba kwa tundu la plagi ya juu, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka inakataa. Kisha propela inazungushwa taratibu kwa mkono, pistoni inapanda na kuikandamiza kamba dhidi ya kichwa cha valvu. Sasa valvu imeshikiliwa kutoka chini. Unabana springi, unatoa vile vishikizo viwili vya shingoni (tandika kitambaa chini, vikianguka kwenye nyasi siku imekwisha), unatoa springi. Halafu unatoa kamba, unashusha pistoni, na unaisukuma valvu idondoke ndani ya silinda.

Anayeiona hatua hiyo kwa mara ya kwanza huwa anashika kichwa. Lakini valvu haina pa kwenda. Kwa koleo jembamba unauvuta mguu wake mpaka unachungulia nje kwa tundu la plagi, na hapo unauona ulivyo: sehemu ya juu inang'aa, sehemu ya chini karibu na kichwa imevaa utando mweusi mgumu ambao kucha haiukwaruzi. Ulisuguliwa mpaka chuma kikaonekana. Gaidi nayo ikapitishwa rima, chombo cha kukwangua ndani ya tundu, ya saizi iliyotajwa na kiwanda, mifereji ya rima ikiwa imejazwa grisi ili unga wa kaboni ugande humo usiangukie kwenye silinda, na kuizungusha ni upande mmoja tu, kuingia na kutoka. Iliyotoka nje na grisi ilikuwa kama lami iliyochanganywa mchanga. Tulipoirudisha valvu, ilikuwa inapanda na kushuka kwenye gaidi kwa uzito wake yenyewe. Kamba tena, springi, vishikizo. Pushirodi ya silinda hiyo tuliiviringisha juu ya kioo. Ilikuwa imenyooka, bahati yao.

Tulifungua na nyingine. Namba 1 ilikuwa imeanza. Tulizisafisha zote nne, ni upuuzi kufunga injini huku unajua inayofuata ni ipi.

Asubuhi iliyofuata iliwaka na kunyooka kuanzia mzunguko wa kwanza, mabomba manne yakapata moto pamoja.

Uchafu ule ulitoka wapi? Tazama kazi ya ndege. Kupiga picha ni kuruka polepole, chini, saa nyingi, hewa inayopooza silinda ikiwa kidogo. Kepteni alifundishwa kwamba mchanganyiko haupunguzwi mafuta mpaka upande juu sana, na kwa kuwa kazi yake iko chini, mkono mwekundu wa mchanganyiko ulikuwa unabaki mbele kabisa, kwenye mafuta mengi, siku nzima. Avgas ya 100LL, pamoja na jina lake la risasi kidogo, inaruhusiwa kuwa na hadi gramu 0.56 za risasi kwa lita. Ndani yake kuna kemikali yenye bromini ambayo kazi yake ni kuibeba risasi itoke na moshi, lakini inafanya kazi vizuri moto ukiwa mkali. Mafuta yakizidi, moto unapoa, risasi inabaki. Ndivyo vile vitone vya kijivu kwenye plagi. Kwa injini hizi Lycoming wanaruhusu kupunguza mafuta kwa urefu wowote, ilimradi nguvu haizidi asilimia 75. Kepteni hakuamini mpaka tulipolisoma pamoja kwenye kitabu.

Na oili. Ilibadilishwa kwa saa, kila saa 50, kama inavyotakiwa. Ila ndege hii kuna vipindi inakaa wiki kwa wiki bila kuruka, ikisubiri kazi, uwanja ukiwa karibu na bahari, na oili inakusanya maji na asidi ikiwa imelala. Utaratibu ni saa 50 au miezi 4, chochote kitakachotangulia. Hii ilikuwa imepita miezi 4 zamani na saa 50 hazijafika. Tuliikinga ikatoka nyeusi, nzito, na harufu kali. Tumekubaliana pia kwamba kabla ya kuzima, injini ikishatulia kwenye mizunguko 1000 hadi 1200, anapandisha hadi 1800 kwa sekunde 15 au 20, anashusha, kisha anazima kwa kukata mafuta. Hiyo inasaidia plagi zaidi ya valvu, lakini haina gharama.

Ukabaki ule mtetemo wa ganzi. Huo ni wa propela kweli, na ulizaliwa na safari ya Dar. Propela iliposhushwa hakuna aliyeweka alama ya mkao wake kwenye krenkshafti, na iliporudi ilifungwa ilivyokuja. Mizani ya propela peke yake ni kitu kimoja. Mizani ya propela, spina (kofia yake ya mbele) na krenkshafti zikiwa pamoja ni kingine, na propela nzuri ikifungwa kinyume cha ilivyozoea inaweza kuleta mtetemo ambao haukuwepo. Tuliifungua, tukaigeuza nusu duara, boliti zikakazwa kwa kipimo cha kitabu na kufungwa waya wa usalama. Kepteni aliruka nayo mpaka Mikindani na kurudi, akasema ganzi imepungua, haijaisha.

Iliyobaki itapimwa kwa kifaa Dar kwenye ukaguzi wa saa 100. Kasi ya mtetemo ikisoma chini ya inchi 0.07 kwa sekunde tutaiacha, ikivuka 0.2 tutaongeza uzito kidogo nyuma ya spina, skrubu moja na washa mbili tatu. Mzee ameshauliza kama hizo washa nazo zinalipiwa.